Pedali ya dramu ikilia, tafuta mahali kabla ya kutia mafuta

#1 Mguu wa Kulia, Kisumu

Wapiga dramu wenzangu, salamu. Uzi huu utakuwa mrefu, nivumilieni.

Wiki iliyopita nimekuta pedali ya ngoma ya besi imetupwa nyuma ya kanisa moja hapa mjini, juu ya rundo la viti vilivyovunjika miguu. Nikaiokota, nikaigeuzageuza. Fremu nzima, cheni nzima, kikanyagio hakina ufa. Springi ndiyo iliyokatika, na pini ya bawaba ya kisigino imelika. Basi, hayo mawili. Na waumini walikuwa wameshachangishwa wanunue nyingine. Iliniuma, kwa sababu hata mimi nimewahi kuiua pedali kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka jana nilikuwa napiga kanisani Kondele, hapa hapa Kisumu, ibada ya pili. Wimbo wa kusifu ulikuwa wa mwendo wa benga, ule ambao mguu wa kulia haupati nafasi ya kupumua. Katikati ya kiitikio nikasikia "tang!" chini ya goti, kikanyagio kikalala na bita haikurudi. (Kwa wanaoanza: bita ni ile nyundo inayogonga ngozi.) Nikahamishia mapigo ya besi kwenye tomu kubwa kwa mkono hadi wimbo ukaisha. Kijana wa bodaboda aliyekaa karibu na mlango akatoka nje, akafungua blada (ule mpira wa kufungia mizigo) kwenye keria ya pikipiki yake, akaniletea. Niliizungusha mara tatu, kutoka pale springi inaposhika juu hadi kwenye mguu wa fremu, nikaikaza. Mguu ulichoka vibaya, lakini bita ilikuwa inarudi. Tangu siku hiyo blada haikosi kwenye mfuko wangu wa vijiti.

Jioni nikaiweka chini ya taa ile ndoano ya mwisho wa springi, ndiyo iliyokuwa imekatika. Mkato wake ulikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa kahawia ya kutu, na kipande kidogo pembeni kinang'aa. Maana yake ufa ulianza zamani, unyevu huu wetu wa ziwa ukaingia, kutu ikakaa, na Jumapili ile kilichoachia ni kile kipande kilichokuwa kimebaki kikishikilia peke yake. Na pedali ilikuwa imeniambia. Ililia miezi miwili nzima, kwii, kwii, kila nikikanyaga. Nikachukua mafuta ya kupikia nikaimwagia kila mahali. Ikanyamaza siku tatu, ikalia tena, nikaimwagia tena. Mlio ulikuwa unatoka pale pale ndoano ilipokuwa ikisagana na chuma. Sikuutafuta hata siku moja. Niliunyamazisha tu.

Kwa hiyo nawaombeni jambo moja: mlio ukianza, usitie hata tone kabla hujajua unatoka wapi.

Piga hesabu uone kazi ya kile kindoano. Wimbo wa mapigo 130 kwa dakika, mguu ukigonga kila pigo, ukiendelea dakika 10, umekanyaga mara 1,300. Ndoano imejisugua kwenda na kurudi mara zote hizo, wimbo mmoja tu.

#2 Mguu wa Kulia, Kisumu

Sasa namna ya kutafuta. Toa pedali kwenye ngoma, iweke mezani, zima redio. Ikanyage kwa mkono polepole ujue mlio ulivyo. Halafu fungua springi upande wa chini, uiache ining'inie, kisha sogeza tena. Mlio ukipotea, shida iko kwenye ndoano za springi au kile kibushi kinachozishika. Ukibaki, fungua cheni pale inaposhika ncha ya kikanyagio, upandishe na kushusha kikanyagio peke yake. Kikilia, ni bawaba ya kisigino. Kikinyamaza, zungusha ekseli ya juu kwa vidole huku bita ikiwa imetolewa. Ukihisi mchanga ndani, kama inakwaruza, hizo ni beringi. Kama ekseli ni laini na bawaba kimya, imebaki cheni yenyewe, na hiyo ni nadra kulia ila iwe imekauka kabisa. Kazi yote haifiki dakika 10.

Kwenye pedali nyingi ndoano ya springi haikuundwa igusane na chuma moja kwa moja. Katikati huwa na kipande cha felti au plastiki, kidogo kama punje ya hindi. Kikilika hakuna anayekiona. Kwenye ile pedali yangu kilikuwa kimeisha kabisa, limebaki vumbi jeusi tu. Kipya nilikikata kwenye ukingo wa kofia kuukuu ya felti, nikakitoboa kwa msumari uliopashwa moto, na hadi leo kinafanya kazi.

Upande wa mafuta: mafuta ya kupikia yakikaa siku chache kwenye hewa yanageuka ulimbo. Vumbi la hapa linanasa humo na unakuwa umetengeneza msasa wa majimaji. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye bawaba kila upande, tone moja kwenye pini za cheni, halafu futa kwa kitambaa mpaka kidole kikigusa kisilowe. Ndoano za springi zinataka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu ni nzuri kusafishia, lakini usiichukulie kuwa kilainishi cha kudumu. Inaondoa hata grisi iliyokuwepo, kisha yenyewe inakauka. Na kama pedali yako ina mkanda badala ya cheni, mkanda usiuguse na mafuta ya aina yoyote.

Beringi zilizofunikwa pande zote hazitiwi mafuta, zinabadilishwa. Soma namba pembeni. Ukiona 608, hiyo ina tundu la milimita 8, upana wa 22 na unene wa 7, ile ile ya viatu vya magurudumu na ubao wa kuteleza. ZZ mwishoni ni kifuniko cha chuma, 2RS ni cha mpira. Kwa vumbi letu mimi huchukua ya mpira.

#3 Dada wa Besi, Nakuru

Kaka, asante kwa uzi. Mimi napiga kwenye bendi ya rumba hapa Nakuru, na nimefuata hatua zako zote tangu jana usiku. Mezani pedali yangu iko kimya kabisa, hata ukiweka sikio. Nikiirudisha kwenye ngoma nikakaa, inalia. Nimeifungua mara tatu. Mpiga besi wetu anasema nimpe aizike.

#4 Mguu wa Kulia, Kisumu

Dada, usimpe. Kama mezani iko kimya, pedali haina hatia. Angalia vitu viwili ilivyokutana navyo huko chini. Kwanza kibano kinachoshika ukingo wa ngoma: chuma kikikamata mbao bila kitu katikati, kila pigo kinasogea kidogo sana na mbao inalia. Pili kiti chako. Kaa kitini, usiguse pedali, pandisha na kushusha kisigino hewani kwa mwendo ule ule wa wimbo. Kuna mwezi mmoja nilihangaika na pedali ya rafiki yangu, kumbe kilichokuwa kinalia ni skrubu ya mguu wa kiti. Uzito wa mtu unahama kila anapokanyaga.

#5 Fundi wa Cheni, Busia

Mimi si mpiga dramu, ni fundi wa baiskeli. Vijana wa kwaya huniletea pedali zao kwa sababu ya cheni. Naomba kutofautiana na mwenye uzi kwenye mafuta. Baiskeli ya Black Mamba inabeba magunia mawili ya mahindi kutoka mpakani, cheni yake tunailoweka kwenye petroli usiku mzima, asubuhi tunaipaka oili ya injini, na inadumu miaka. Matone ya cherehani ni kama kumpa ng'ombe maji kwa kijiko.

#6 Mguu wa Kulia, Kisumu

Fundi, karibu sana, tulihitaji mtu kama wewe humu. Kwenye kuloweka nakuunga mkono, ingawa mimi hutumia mafuta ya taa na brashi ya meno, kwa nusu saa tu, na kwa sharti kwamba cheni imetolewa kwenye pedali. Petroli ndani ya nyumba sipendi.

Kwenye oili ya injini bado nakataa. Cheni ya baiskeli inazunguka yote na inavuta mzigo. Cheni ya pedali haizunguki. Inakunjika na kukunjuka kidogo tu, pini tatu au nne zile zile kila siku, na mzigo wake ni mguu wa mtu na springi. Oili nzito hapo haina kazi ya kufanya ila kukamata vumbi na kuichelewesha bita. Mtu anayepiga polepole hataona tofauti. Mwenye benga ataiona.

Swali langu kwako: pini zile tatu zikilegea na zingine zikiwa nzima, unabadilisha cheni yote?

#7 Fundi wa Cheni, Busia

Hapo nimekuelewa, sikuwa nimefikiria kwamba haizunguki. Basi sawa, matone.

Swali lako: sibadilishi. Naitoa, naigeuza juu iwe chini. Zile pini nzima zinakuja kwenye mkunjo na zilizolika zinakwenda kwenye sehemu iliyonyooka. Ukitaka mpya, pima kwanza. Nyingi nilizoletewa ni za kipimo cha baiskeli, pini hadi pini nusu inchi, yaani milimita 12.7. Hesabu pini za ile ya zamani na ukate idadi ile ile, kwa sababu pingili moja ikizidi kikanyagio kinashuka, ikipungua kinainuka. Na usipige pini kwa msumari na nyundo, utapinda bamba la pembeni. Tafuta fundi yeyote mwenye kile kifaa cha skrubu cha kusukumia pini, ni kazi ya dakika mbili.

#8 Mguu wa Kulia, Kisumu

Kugeuza juu chini! Nimepiga miaka 14 na sijawahi kuliwaza hilo. Asante fundi.

Wengi wameniuliza inboksi kuhusu springi, ngoja nilimalize hapa.

Baada ya ile ya kwangu kukatika nilikwenda kwa wauza spea za pikipiki nikiwa nayo mkononi. Wakanipa ya stendi. Inafanana kwa macho, lakini waya wake mnene na mguu wangu uliishia dakika tano. Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 2 na wa milimita 2.2 huwezi kuwatofautisha kwa jicho, lakini ule wa pili ni mgumu zaidi kwa karibu nusu nzima. Kwa hiyo nenda na kipimo, si na macho. Pima unene wa waya, upana wa nje, idadi ya mizunguko, na urefu kutoka ndoano hadi ndoano ikiwa imelegea.

Kisha nikapeleka ile ya zamani kwa fundi wa kuchomelea, anikunjie ndoano mpya. Akaipasha hadi ikawa nyekundu, akaikunja vizuri sana, ikapendeza. Baada ya wiki mbili ndoano ilikuwa imenyooka kama mstari. Chuma cha springi kikipashwa moto hivyo na kuachwa kipoe chenyewe kinapoteza ugumu wake, kinakuwa waya wa kawaida. Ndoano hukunjwa baridi. Shika mzunguko wa mwisho kwa plaisi mbili, uuinue taratibu hadi usimame, usiurudishe nyuma ukishaupinda. Utakuwa umepoteza mzunguko mmoja, hivyo springi itakuwa ngumu kidogo kuliko mwanzo. Legeza nati ya chini kidogo kufidia. Hiyo inatosha kukuvusha hadi upate mpya.

Springi mpya ikifika, usiikaze hadi mwisho kwa kudhani ndiyo mwendo. Anza nati ikiwa katikati ya uzi wake, bita iwe imelala nyuma kama nusu ya pembe mraba kutoka kwenye ngozi, upige wiki nzima, ndipo uongeze au upunguze mzunguko mmoja kwa wakati. Kisha kaza ile nati ya pili inayofunga ya kwanza. Watu huisahau. Pedali nyingi zinazoitwa "mbovu" huku kwetu zilikosa nati hiyo tu.

#9 Dada wa Besi, Nakuru

Kaka, nimerudi. Kiti kilikuwa kimya. Ilikuwa ni kibano! Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nimekikunja juu ya ukingo wa ngoma, nimefunga kibano juu yake. Kimya. Nikainua ngoma nitazame chini, ukingo umeshachubuka hadi mbao nyeupe inaonekana. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaza skrubu ya kibano zaidi nikidhani ndiyo dawa.

Swali lingine: bita yangu ya felti imekuwa ngumu kama jiwe na upande mmoja bapa. Ngozi ina shimo dogo linaanza pale pale.

#10 Mguu wa Kulia, Kisumu

Nimefurahi mno dada!

Legeza skrubu ya bita, izungushe robo ili upande mwingine ugonge, ukaze tena. Tumia ufunguo wa dramu, usitumie plaisi, kile kichwa cha mraba kikiliwa kona hutakifungua tena. Felti iliyoshikamana isugue kwa brashi ya waya ya viatu vya suede hadi nyuzi ziinuke, italainika. Ngozi iweke kiraka leo, usingoje. Na ukiona skrubu inalegea kila wiki, tia tone la rangi ya kucha kwenye uzi wake kabla ya kukaza. Inashika vya kutosha na ufunguo bado unaifungua.

Jambo moja dogo la kukutia moyo kuhusu mlio. Mwaka 1909 William F. Ludwig na ndugu yake walianzisha kampuni yao ya ngoma huko Chicago, na kilichowaweka sokoni ni pedali aliyoibuni William, kwa sababu alitaka mguu uende kasi kuliko pedali za wakati ule. Baadaye, mwaka 1937, ikaja Speed King, yenye springi zilizofichwa ndani ya nguzo za fremu. John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, aliipiga hiyo, na kwenye rekodi yao ya mwaka 1970 pedali inasikika ikilia waziwazi. Springi ikiwa ndani ya nguzo, lazima ufungue nguzo ndipo uifikie na grisi. Mahali pasipofikika ndipo panapolia.

#11 Mwana wa Isukha, Kakamega

Hodi humu. Sisi wa isukuti ngoma inakaa kwapani na mkono ndio pedali, hakuna springi ya kukatika, hata UNESCO wakaiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Lakini shuleni ninapofundisha muziki tumepewa seti ya dramu, na pedali yake kikanyagio kinayumba kushoto na kulia. Bita inagonga kila mara mahali tofauti, wanafunzi wanalaumiana. Nimekaza kila skrubu niliyoiona.

#12 Mguu wa Kulia, Kisumu

Mwalimu, karibu. Ngoma ya isukuti itunzwe, na hii pia tuitunze.

Skrubu hazihusiki. Hiyo ni pini ya bawaba ya kisigino, ndiyo shida ile ile ya pedali niliyoiokota. Pini inalika katikati inakuwa nyembamba kama kiuno cha nyigu, na tundu linakuwa yai. Itoe: mara nyingi upande mmoja kuna kipete kidogo cha kubana au skrubu ndogo isiyo na kichwa. Isukume kwa msumari uliokatwa ncha. Ipime pale isipolika, huko mwisho kabisa. Kama ni milimita 5, nunua biti ya drili ya milimita 5 na utumie shina lake, ile sehemu laini isiyo na mikunjo. Ni chuma kizuri, kimenyooka, na fundi yeyote mwenye grainda atakukatia urefu unaotaka.

Tundu likiwa limekuwa yai sana, litobolewe liwe 6 na pini iwe 6, pande zote mbili kwa mpigo mmoja, vibao vikiwa vimebanwa pamoja, la sivyo matundu hayatatazamana. Nafasi iliyobaki pembeni ijaze kwa washa nyembamba za plastiki. Mimi hukata kwenye kifuniko cha ndoo ya mafuta ya kupikia. Weka upande mmoja, sogeza, weka wa pili, hadi kikanyagio kishuke kwa uzito wake bila kuyumba. Kikikwama, umezidisha moja.

#13 Mwana wa Isukha, Kakamega

Nimeitoa pini. Kweli kabisa, kiuno cha nyigu. Mwisho wake ni milimita 5 kamili na tundu bado ni duara. Hapa sokoni biti ya 5 wanazo. Swali la mwisho: pini yangu ya zamani ilikuwa na mfereji mdogo wa kile kipete, shina la biti halina. Itatoka nikipiga?

#14 Mguu wa Kulia, Kisumu

Itatoka, ndiyo, ukiiacha hivyo. Ikate ndefu kwa milimita 4 kuliko ya zamani. Mwambie fundi wa grainda aishike kwenye jiliwa na aipitishie pembe ya diski kuzunguka, mfereji wa nusu milimita tu, milimita moja kutoka kila mwisho. Vipete wanauza kwa wenye spea za pikipiki, beba pini ujaribishe hapo hapo. Kabla hujaiingiza, paka grisi kidogo katikati, na ile ya zamani usiitupe, waonyeshe wanafunzi.

Jumamosi ijayo nakuja Kakamega kwa mazishi, nitalala huko. Nikipata nafasi nitapita shuleni jioni na mfuko wangu wa vipande vya felti. Wewe uwe na ile springi uifungue upande wa chini, nataka tuangalie ndoano zake kwa taa.